Mwamba Wanapolala Shakwe

Nimekasirika, vijana, na sitangoja hasira ipoe ndiyo niandike. Ikipoa nitaanza kuwapamba, na sitaki kuwapamba. Mliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi kwa ajili ya jarida la klabu yenu ya kutazama ndege. Mkasema, "Mzee Okelo, andika tu zile stori zako, zichekeshe kidogo." Nilikubali. Nilikuwa hata nimenunua kalamu mpya. Halafu Alhamisi jioni nikafungua simu, na katika lile kundi lenu nikaona picha ya mwamba wanapolala shakwe wetu. Chini ya picha palikuwa na ramani yenye alama nyekundu, inayomwonyesha mtu yeyote mwenye simu jinsi ya kutoka katikati ya Kisumu hadi kwenye jiwe lenyewe.

Aliyeiweka ni Achieng', mwenyekiti wenu. Jumamosi nilimfokea mbele yenu wote pale ufuoni, nikamwita msaliti, nikaondoka bila kuaga. Wengine mlinong'ona kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nilisikia. Miguu ndiyo imechoka, masikio bado. Sasa nawaandikia ili mjue kwa nini ramani moja imenitoa povu. Mkimaliza kusoma, mtaamua wenyewe kama ule mwamba utabaki na ndege au utabaki jiwe tu.

Wengi wenu mnadhani nilikuwa afisa wa wanyamapori, kwa sababu ya darubini. Sikuwa. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mhudumu wa mabwawa ya majitaka. Kila kilichoshuka chooni mjini kilikuja kwangu. Nilikata nyasi za kingoni, nikaondoa utando juu ya maji, nikafungua na kufunga milango ya maji, nikatoa kwenye chujio vitu ambavyo sitavitaja kwa kuwa jarida lenu linasomwa na wazazi. Nyumbani Manyatta mke wangu alinitengea ndoo yangu, sabuni yangu na mlango wangu wa nyuma. Lakini nawaambia, hakuna mahali mjini pa kutazama ndege kama bwawa la majitaka. Maji hayana mawimbi, wadudu ni tele, na hakuna binadamu anayekuja kukusumbua. Nyinyi mkipita pale mnaziba pua na kukimbia, halafu mnalalamika kwamba Kisumu hakuna ndege.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye rundo la redio zilizokufa na viatu vya mguu mmoja. Kioo cha kushoto kilikuwa kimeingia ukungu, kwa hiyo nikazoea kufumba jicho moja. Mpaka leo, hata nikishika darubini nzima, jicho la kushoto linajifunga lenyewe. Akina mama wa sokoni wameniuliza mara nyingi namkonyeza nani.

Na hao shakwe walinikuta mimi, si mimi niliyewafuata. Wageni wa kutoka Ulaya wakija hapa huwaita shakwe wa majira ya baridi. Baridi gani? Januari Kisumu unakaangika, lami inanata kwenye viatu. Lakini huko kaskazini walikozaliwa ziwa limekuwa barafu, ndiyo maana wanaanza kutufikia karibu na Novemba na kutuaga Machi. Wanakuja mjini kwa sababu mjini kuna chakula: matumbo ya samaki pale vibanda vya ufuoni, jaa la takataka, na mabwawa yangu. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama na reki yangu, nikaona ndege mkubwa mwenye mgongo mweusi kama masizi akitua kwenye maji ninayoyasafisha mimi, akakunja mbawa, akanitazama bila wasiwasi wowote. Nilisahau kazi. Msimamizi alinikuta hapo hapo na utando umenipita wote.

Nilipoanza kuwafuata hadi ziwani ndipo nilipokaribia kuuawa. Hili nalisema kwa sababu nyinyi mnajitembeza ufuoni na kamera kubwa kama bomba la bati na hakuna anayewauliza. Zamani zetu, mwanamume aliyesimama ufuoni na darubini alikuwa mtu mmoja tu: mpelelezi wa idara ya uvuvi, aliyekuja kutazama nani anatumia nyavu za matundu madogo. Nilikwenda Asembo Bay kwa baiskeli, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikainua darubini. Kabla sijapata hata ndege mmoja nilikuwa nimezungukwa na wanaume wanne wenye makasia.

"Toa hiyo kitu kwa macho! Umetumwa na fisheris?"

"Natazama ndege," nikasema.

"Ndege gani? Mtu mzima atoke Kisumu na baiskeli aje kutazama ndege? Hata wewe jisikie."

Kasia la kwanza lilikuwa limeshainuliwa. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye nyavu zilizotandikwa mchangani. Hakuinuka hata. "Wacheni yeye," akasema. "Mtu wa serikali anaweza vaa gambuti imetoboka hivyo? Na mnasikia vile ananuka? Yawa, huyo si wa fisheris. Huyo ni wa choo."

Huyo ndiye Min Awuor, mnayemjua kama yule bibi anayewauzia omena. Ndiye mwalimu wangu. Hajawahi kushika darubini maishani na hampendi shakwe hata kidogo. Anaanika omena tangu akiwa msichana, na omena wakishatandazwa juani ni lazima mtu akae nao na ufagio, kwa sababu ndege wanakuja kuiba. Mtu aliyepigana na mwizi yule yule miaka yote hiyo anamjua kuliko mtu aliyesoma kitabu chake. Alinifundisha kwamba wenyeji wetu, wale wadogo wenye mgongo wa kijivu hafifu na miguu myekundu, wanakuja wengi kwa pamoja na kelele. Wageni wenye mgongo mweusi na miguu ya njano wanakuja mmoja mmoja, kimya, wakishaona umegeuka. "Hawa wa ng'ambo wana akili," aliniambia. "Anangoja nitafute kitambaa nifunge kichwa. Hapo ndio anakuja."

Sasa niwachekeshe kidogo kama mlivyotaka, ingawa sina hamu. Kwa misimu mitatu mfululizo nilihesabu kwenye mabwawa shakwe wa aina ya tatu. Alikuwa wa kahawia, madoadoa mwili mzima, mdomo mweusi, mkubwa kama wale wageni. Sikumpata popote kwenye kitabu kidogo nilichokuwa nacho. Nikaamini nimegundua ndege mpya. Nikawaandikia wakubwa wa Nairobi wanaosimamia hesabu ya ndege wa majini, nikaeleza tabia zake kwa kurasa mbili, nikapendekeza na jina. Sitawaambia jina hilo, ila lilianza na Okelo. Jibu lilikuja fupi sana, na mchoro wa ndege mmoja katika umri wa miaka minne tofauti. Wa kwanza alikuwa wa kahawia. Wa mwisho alikuwa na mgongo mweusi.

Nilipompelekea Min Awuor habari hiyo alicheka mpaka akaangusha ufagio. "Hao ni watoto, Okelo. Kwani hujaona watoto? Mkubwa anaiba akitoroka. Huyu anaiba na anakaa hapo hapo kwa neti yangu anakula, hajui dunia." Angeniambia miaka mitatu mapema, lakini sikuwa nimemuuliza. Nilidhani yeye anajua omena tu.

Kwa hiyo shikeni hili: shakwe mgeni anachukua karibu miaka minne kufika rangi yake ya utu uzima. Ukimwona wa kahawia usikimbilie simu. Tazama ukubwa, tazama mdomo, tazama amesimama na nani. Na ukihesabu, usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone kumi zinachukua nafasi gani, halafu sogeza macho kumi kumi. Jua liwe mgongoni kwako. Usihesabu saa vizimba vya samaki vinapolishwa, maana kila ndege wa ghuba nzima atakuwa pale na utadhani umebarikiwa. Na wacheni, nawaomba kwa mara ya mwisho, wacheni kuwarushia mandazi ili wakae vizuri kwenye picha. Shakwe hakuumbiwa mandazi. Nilimwona mmoja wenu akifanya hivyo mwezi uliopita na akacheka nilipomkemea. Ninakujua, na mama yako namjua pia.

Nimetaja vizimba, na hapo ndipo stori za kuchekesha zinapoisha.

Vizimba mmevikuta, mnadhani vilikuwapo siku zote. Mimi nilipoanza, samaki alifuatwa alipo. Baadaye watu wenye uwezo wakaanza kuweka vizimba vya nyavu ndani ya ziwa, ngege wakafugwa humo kama kuku. Sina ugomvi na hilo; mbuta na ngege wa kuvua wamepungua, watu lazima wale. Lakini palipo na samaki wengi hapakosi ndege, na mwenye samaki hapendi kuona ndege.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mtu mmoja mwenye vizimba alinijia kazini. Jina lake sitaliandika. Alivaa vizuri, viatu vimeng'aa, na alikuja mpaka ukingoni mwa bwawa, akasimama nami nusu saa nzima bila kuziba pua. Mke wangu mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo. Akaniita Profesa.

"Profesa, hizi ndege zinanimaliza. Sitaki kuziumiza. Nataka tu kuelewa zinatoka wapi."

Nikamweleza kwa ufasaha wangu wote kwamba si shakwe. Shakwe hapigi mbizi. Anaokota samaki aliyekufa akaelea, na punje za chakula zilizomwagika. Anayeingia chini na kuchukua samaki mzima ni mnandi, yule mweusi mwenye shingo ndefu, na dawa yake ni wavu mzuri juu ya kizimba. Aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza sentensi. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile.

"Na hawa shakwe wenyewe, Profesa, jioni wanaenda wapi?"

Vijana, kila mtu wa kazi hii anajua kwamba kuna swali moja halijibiwi. Unaweza kumwambia mtu ndege anakula wapi, maana anapokula yuko macho na anaweza kuruka. Anapolala humwambii. Hilo nililijua. Niliwahi kumnyima mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuja na darubini ya bei ya nyumba, nikamwambia wanalala katikati ya ziwa juu ya maji. Lakini yule hakuniita Profesa.

Wiki iliyofuata alikuja na boti yenye injini, nikampeleka. Wakati ule walilala kwenye mwamba mwingine, si huu wa sasa. Tulizima injini mbali kidogo tukawatazama wakifika. Nilisema yote. Wanaanza kufika saa kumi na moja na nusu. Wageni wanakaa juu, wenyeji wanabaki chini karibu na maji. Wanapendelea upande usiopigwa na upepo. Wakishatulia hawaondoki mpaka kupambazuke. Aliniuliza kama wanarudi mwamba ule ule kila siku, nikamjibu kwa fahari kwamba hawajakosa hata siku moja tangu nianze kuwafuata. Alininunulia soda tulipofika ufuoni. Nililala usingizi mtamu siku hiyo.

Mtu huyo mnamjua. Ndiye aliyewanunulia zile kofia za kijani mnazovaa kila Jumamosi. Namba yake imo ndani ya kundi lenu, mlimkaribisha wenyewe kwa makofi mkamwita mlezi. Alhamisi, chini ya ile ramani, watu kumi na wawili walibonyeza kidole gumba. Yeye alikuwa wa tatu.

Sasa mnaelewa Jumamosi nilikuwa nafokea nini? Bado hamjaelewa. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka Jumatatu.

Jumatatu Achieng' alikuja nyumbani. Sikumtarajia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hakuwa na kofia.

"Mzee, niliitoa. Jumamosi hiyo hiyo. Lakini sijakuja kuomba msamaha."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza. Nilienda kwa Min Awuor nikamwambia vile ulinitusi mbele ya watu. Nilidhani atanipea pole. Akasema nirudi kwako, nikuulize ni nani alionyesha watu ule mwamba wa kwanza."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini, nikaiinua, nikaiweka tena. Nilikuwa na hasira na Min Awuor kwa kusema, na hasira na msichana kwa kuuliza kwa adabu. Angepiga kelele ningemfukuza. Nikamwambia yale ambayo nawaambia nyinyi sasa, na sijawahi kumwambia mke wangu.

Wiki chache baada ya ile safari ya boti nilikwenda kufanya hesabu ya alfajiri. Min Awuor aliniazima mtumbwi wake, nikapiga kasia peke yangu. Kwa kawaida kukianza kupambazuka shakwe huondoka mwambani makundi makundi na kupita juu yako wakielekea mjini. Siku hiyo hakupita hata mmoja. Nikafikiri nimewahi sana. Nilipoukaribia nikaona mwamba wote mweupe kwa ndege na nikafurahi. Nikasema leo wamechelewa, leo nitawapata wote. Nikafungua daftari, nikaweka jua mgongoni, nikaanza kuhesabu kumi kumi. Nilikuwa nimefika sitini nilipogundua kwamba hakuna aliyegeuza kichwa.

Watu walikuwa wametandika nyavu kuukuu juu ya mwamba mzima, zile nyembamba za nailoni usizoziona, wakazikaza kwa mawe. Ndege wanapotua jioni miguu inaingia kwenye matundu, wakijaribu kuruka mbawa nazo zinaingia. Walipigana na zile nyavu mpaka wakachoka. Upande usiopigwa na upepo ndio uliokuwa na nyavu nyingi zaidi. Upande ule mwingine hazikuwekwa kabisa, maana nilikuwa nimesema hawakai huko.

Wachache walikuwa hai. Nilikuwa na kisu cha kukatia nyasi, nikakata nilipoweza. Wawili waliruka. Waliobaki mbawa zilikuwa zimevunjika na sitawaeleza nilichofanya. Nikapakia wafu kwenye mtumbwi mpaka maji yakakaribia ukingo wake, nikawarudisha Asembo Bay, nikawalaza mchangani karibu na omena kwa sababu sikujua pa kuwapeleka. Min Awuor, ambaye amewalaani hao ndege kila siku ya maisha yake, aliacha ufagio akaja akawaangalia.

"Nani alijua wanalala hapo?" akauliza.

"Wewe," nikasema. "Na mimi."

"Mimi sijatoka kwa hii omena. Nani mwingine, Okelo?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Angenitukana pengine ningepata nafuu. Alirudi kwa omena wake akaanza kuwageuza, na mwezi mzima alinijibu salamu tu.

Mwenye vizimba nilimfuata. Alinikaribisha kiti. Akasema vijana wake walikuwa wanaanika tu nyavu, hakujua lolote, na mbona Profesa haketi. Sikumshtaki popote. Ningemshtaki vipi bila kusema ni nani aliyemfikisha pale? Nilinyamaza ili nibaki Profesa. Na nimenyamaza mpaka mtoto wa juzi ameniuliza sebuleni kwangu.

Shakwe hawakurudi kwenye mwamba ule tena. Misimu kadhaa walilala wametawanyika, siwezi kusema wapi. Mwamba huu wa sasa niliugundua miaka miwili iliyopita, nikamwambia Min Awuor peke yake, na msimu huu nikamwonyesha Achieng', kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayeweza kukaa saa nzima bila kugusa simu. Aliporudi furaha ilimzidi. Chini ya ile ramani aliandika, "Asante Mzee Okelo kwa kutuonyesha." Alifanya kwa furaha kile nilichokifanya mimi kwa kutaka sifa, halafu mimi ndiye niliyepata mdomo wa kumwita msaliti. Achieng', nilikutukana hadharani, basi na msamaha nauomba hadharani. Nisamehe.

Lakini hasira haijaisha, msijidanganye. Jumamosi nitakuja. Nataka yule mtu aondolewe kwenye kundi, na sababu iandikwe humo humo asome. Nataka kofia zake zirudishwe zote kwenye gunia moja, na hata yule aliyeipeleka yake kwa mpenzi wake aende akaidai. Ramani ilikaa pale siku mbili, aliyetaka kuinakili ameshainakili. Kwa hiyo tangu Jumatatu mimi na Achieng' tunapokezana kila alasiri ufuoni mkabala na mwamba, kutazama kama kuna mtumbwi unaobeba nyavu kuukuu. Mpaka leo hajaja mtu. Tunahitaji watu zaidi, kwa sababu miguu yangu haifiki Machi. Kama mnaona hayo ni mengi, basi futeni jina langu kwenye klabu yenu na mtafute mzee mwingine wa kuwachekesha.

Kuna jambo moja zaidi. Kati ya wale wafu, mmoja alikuwa na pete mguuni, ya chuma, yenye herufi na namba. Nimewafundisha wenyewe: ukikuta ndege mwenye pete unaandika namba na kuipeleka kwa waliomvika, ili wajue alifika wapi. Ni jambo la kwanza ninalowafundisha. Pete hiyo imekaa kabatini kwangu ndani ya kikombe cha bati miaka yote hii, kwa sababu fomu inauliza ndege alikufaje.

Nilipomaliza kumsimulia Achieng' nilileta kile kikombe nikammiminia pete kiganjani. Alitoa simu, akatafuta ukurasa wao, akaanza kunisomea maswali, nami nikajibu kutoka kwenye daftari la mwaka ule. Namba. Mahali. Aina. Hali ya ndege. Alipofika kwenye sababu ya kifo alisita, akasema kuna orodha ya kuchagua.

"Kuna wavu, Mzee. Niweke wavu?"

"Weka wavu. Kuna pa kuandika maelezo?"

"Iko."

"Andika kwamba mimi Okelo ndiye niliyewaonyesha wenye nyavu anapolala."

Aliniangalia kidogo, halafu akaandika, akatuma. Jibu lilikuja jana, akaja kunisomea mlangoni. Alivikwa pete akiwa kinda, kwenye kisiwa cha ziwa moja la huko kaskazini, na mpaka anafika kwenye mwamba wetu alikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Mwishoni waliandika kwamba wanamshukuru sana Bwana Okelo kwa kuwajali ndege wao. Nilimwambia Achieng' asome tena hapo, nikidhani amekosea.